Mazda kwa mkazi wa Malindi: Demio, CX-5 ya petroli au CX-5 ya dizeli?

Anayetafuta Mazda akiwa Malindi hukwama kwenye njia panda ileile. Demio ni ndogo, mfuko unaimudu na mafuta inanusa tu. CX-5 ya petroli imeinuka, familia inaenea na mizigo juu. CX-5 ya dizeli ina nguvu kuwashinda wote wawili na haili mafuta kama ndugu yake wa petroli, lakini ukiitaja kijiweni hukosi wa kukuonya. Mmoja atakuambia amefika Nairobi kwa tangi moja na akabakisha. Mwingine atakuambia yake imelala gereji mwezi wa pili. Wote wawili wanasema kweli, na gari lao ni moja. Kilichowatenganisha ni safari zao, na ndiyo maana hapa safari inatangulia bei.

Tunazungumzia Demio ya umbo la DJ (2014 hadi 2019, injini ya petroli ya lita 1.3 iliyotumika hadi 2018), na CX-5 za umbo la KE (2012 hadi 2017) na KF (kuanzia 2017). Kwa sheria ya Kenya inayokataza kuagiza gari lililozidi miaka 8, anayeagiza sasa anapata KF na Demio za mwisho mwisho, ambazo petroli yake ni 1.5; ya 1.3 itafute kwa waliokwisha kuitumia hapa. KE utaikuta kwa mtu ambaye ameshaitumia hapa nchini. Usitegemee maneno ya dalali kujua injini, soma namba ya modeli: DJ3FS ni Demio ya petroli 1.3, na DJ5FS ni Demio ya dizeli 1.5, ambayo haimo katika ulinganisho huu. KEEFW na KEEAW ni CX-5 ya petroli 2.0, KE2FW na KE2AW ni dizeli 2.2. Herufi ya F hapo ni gari la kuvutwa na magurudumu ya mbele, A ni magurudumu yote manne. Kwa umbo jipya, KFEP ni petroli 2.0 na KF2P ni dizeli.

Kampuni yenyewe, kwa ufupi

Mazda ilianzishwa Hiroshima mwaka 1920, na kazi yake ya kwanza ilikuwa kutengeneza bidhaa za koki, si magari. Mwaka 1931, chini ya Jujiro Matsuda, ikatoa chombo chake cha kwanza cha barabarani: Mazda-Go, kigari cha mizigo cha magurudumu matatu. Mtu wa Malindi, mji wa tuktuk, anaweza kukipiga picha kichwani bila shida. Mwaka 1967 ikaleta Cosmo Sport yenye injini ya mzunguko isiyo na pistoni za kupanda na kushuka, na mwaka 1991 injini ya aina hiyo ikashinda mbio za saa 24 za Le Mans. Ford ilianza kumiliki sehemu ya hisa zake mwaka 1979, na kufikia 2015 ilikuwa imeziuza zote.

Tabia ya kufanya mambo kivyake haijaisha. Kwenye kizazi cha Skyactiv, jina la Mazda la injini zake mpya, ambamo CX-5 ilikuwa ya mwanzo mwaka 2012, Mazda ilipandisha mbano wa petroli (kiasi ambacho hewa hubanwa ndani ya silinda) hadi 13 kwa 1 na kushusha mbano wa dizeli hadi 14 kwa 1. Petroli nyingi za wakati ule zilikuwa kwenye 10 au 11, na dizeli nyingi zilikuwa 16 na zaidi. Mbano mdogo umeifanya dizeli ya 2.2 iwe nyepesi, tulivu na isiyohitaji kujazwa urea. Lakini mwenye gari naye analazimika kufuata njia za kampuni: oili yake, mafuta yake ya giaboksi, betri yake. Wanaolia na Mazda pwani, wengi wao wameihudumia kama gari lingine lolote.

Vigezo

Tutayapima magari yote matatu kwa mambo haya: urefu wa safari bila kuzima injini, barabara unazopita, kinachoharibika na sababu yake, matunzo, chumvi ya bahari, na mwishowe kununua na kuuza.

Safari

Demio haina masharti. Nyumbani Muyeye hadi sokoni, sokoni hadi Shela, dakika tano tano mchana kutwa, inavumilia. Kipimo cha maabara cha Japani kinaipa kilomita 24.6 kwa lita. Barabarani, tena na kiyoyozi cha Malindi ambacho hakizimwi, punguza hesabu hiyo kwa kiasi kizuri, lakini bado inaongoza. Tangi lake ni lita 44.

CX-5 ya petroli nayo huenda popote kwa umbali wowote. Kipimo chake cha maabara, kwa KE ya 2.0, ni kilomita 16 kwa lita. Udhaifu wake ni nguvu: ikiwa na watu watano, mizigo na kiyoyozi, kupanda Mazeras nyuma ya malori kunataka uikanyage hadi ilie.

CX-5 ya dizeli hapo ndipo inapojidai. Msukumo wake, kwa KE, ni Nm 420, zaidi ya mara mbili ya petroli ya 2.0, na maabara iliipa kilomita 18.6 kwa lita. Tangi ni lita 56, au 58 kwa ile ya magurudumu manne. Lakini inataka kutembea. Malindi hadi Mombasa, kilomita 120 hivi, ni safari inayoifaa. Malindi hadi Mokowe kwa abiria wa Lamu, zaidi ya kilomita 200 kupitia Garsen na Witu, ni bora zaidi. Mizunguko ya mjini tu inaiua polepole.

Barabara

Demio iko chini, sentimita 14 au 15 kutoka ardhini. Lami ya Watamu na Kilifi si tatizo. Matuta ya mitaani ukiwa umepakia watu wanne ni tatizo, na barabara ya Marafa baada ya mvua za masika ni tatizo kubwa zaidi. Kinga ya plastiki iliyo chini ya injini ndiyo hung'oka kwanza. Usiitupe, kwa sababu bila hiyo mchanga na maji ya chumvi hurushwa moja kwa moja kwenye mikanda na nyaya.

CX-5, petroli na dizeli sawasawa, ina sentimita 21 chini ya tumbo. Hiyo inatosha kwa Langobaya, Marafa na njia za mashambani Magarini. Kinachoamua ni tairi. Chagua rimu ya 17 yenye 225/65R17, si ya 19 yenye 225/55R19. Ile ya 19 inapendeza ikiwa imeegeshwa, lakini ukuta wa tairi ni mfupi: shimo moja lenye ncha linakata tairi na kupinda rimu kwa pamoja, na tairi ya saizi hiyo huenda ukaisubiri kutoka Mombasa. Demio inatumia 185/65R15, ambayo haikusumbui kuipata.

Magurudumu manne ya CX-5 si ya kuchezea ufukweni. Nguvu hupelekwa nyuma pale ya mbele yanapoteleza, na mfumo ukipata moto sana hujipumzisha. Ukizama kwenye mchanga wa Mayungu au Mambrui, zima kidhibiti cha kuteleza, punguza upepo hadi 20 psi, toka taratibu bila kukata kona kali, kisha jaza upepo tena kabla ya kurudi lami.

Kinachoharibika

Demio: mounti za injini (raba zinazoishikilia), bushi za mikono ya mbele na linki za stebilaiza. Mtetemo ukiingia kwenye usukani gari likiwa limesimama kwenye D, anza kwa kuangalia mounti ya upande wa kulia. Ukisikia kokoto zinagongana kila ukipita tuta, hizo ni linki. Ni spea ndogo, na fundi yeyote anaziweza.

CX-5 ya petroli: bushi vilevile, na kaboni kwenye vali za kuingizia hewa. Petroli ya injini hii hupulizwa moja kwa moja ndani ya silinda, kwa hiyo vali haziogeshwi na mafuta kama zamani. Mvuke wa oili huganda juu yake. Dalili ni injini kutetemeka asubuhi na kukosa ari ya kupanda. Dawa za kumwaga kwenye tangi hazifiki kwenye vali hizo, hata chupa iseme nini. Dawa ni kufungua manifoldi na kusafisha.

CX-5 ya dizeli inataka maelezo marefu, maana ndiyo inayosemwa vibaya kuliko inavyostahili na kusifiwa kuliko inavyostahili.

Dizeli ikiungua huacha masizi. Masizi hunaswa na kichujio kilicho kwenye bomba la moshi, hicho mafundi wanachokiita DPF. Kikianza kujaa, kompyuta ya gari huagiza dizeli ya ziada ipulizwe mwishoni mwa mpigo ili joto la moshi lipande na masizi yateketee. Kazi hiyo inataka injini iwe imepata moto na gari liwe linatembea kwa robo saa au zaidi. Anayekwenda Mombasa huimaliza kati ya Gede na Kilifi bila kujua. Anayepeleka watoto shule Barani, akapitia sokoni, akarudi nyumbani, huizima injini kazi ikiwa katikati. Kesho gari linajaribu tena, linakatizwa tena. Ile dizeli ya ziada isiyoungua huteleza kwenye kuta za silinda na kushuka kwenye oili.

Hapo kijiti cha oili ndicho shahidi. Kwenye dizeli hii kina alama ya chini, alama ya juu, na juu zaidi alama ya X. Magari mengine oili hupungua, hili hupanda. Chomoa kijiti asubuhi, injini ikiwa baridi na gari likiwa sehemu tambarare. Oili ikikaribia X, inuse: inatoa harufu ya kituo cha mafuta. Isugue kati ya kidole gumba na cha shahada: nzima huteleza na kushika, iliyochanganyika na dizeli hukimbia kama maji. Imwage siku hiyohiyo, kwa sababu oili hiyo haiwezi tena kulinda turbo.

Utajuaje gari linachoma masizi? Mfumo wa i-stop, unaozima injini gari likisimama, hukataa kuizima kwenye foleni, mlio wa injini ikiwa imesimama hupanda kidogo, ulaji wa mafuta kwenye dashibodi huruka, na feni huzunguka kwa nguvu. Ukiziona dalili hizi ukiwa mlangoni kwako, usizime. Zunguka dakika kumi nyingine. Taa ya DPF ikiwaka bila kupepesa, endesha kwa mfululizo dakika 15 hadi 20. Gari linataka kilomita 20 kwa saa na zaidi, lakini kwenye 60 au 80 kazi huenda vizuri. Ikianza kupepesa, safari haitasaidia tena, nenda kwa fundi mwenye skana.

Tatizo la pili ni washa za shaba, pete nyembamba za kuzuia uvujaji, zilizo chini ya injekta, au nozeli kama wengi wanavyoziita. Washa ikivuja, moshi wa silinda hupenya na kuigeuza oili kuwa lami. Lami hiyo huziba chujio la kunyonya oili lililo ndani ya sampo, beseni la oili chini ya injini, kisha turbo na kamshafti hukaa na kiu. Dalili zake ni mlio wa "chaf, chaf" injini ikiwa baridi, na weusi uliogandamana kuzunguka injekta. Fundi akibadilisha turbo bila kuteremsha sampo na kulisafisha chujio hilo, turbo mpya itakufa kwa ugonjwa uleule. Hapa ndipo fedha nyingi hupotea.

La tatu ni masizi kwenye njia ya hewa. Moshi unaorudishwa injini huchanganyika na mvuke wa oili na kuwa uji mzito unaoziba manifoldi. Hewa ikipungua, masizi yanaongezeka, na gari huanza kuchoma mara kwa mara. Ukiona kwenye safari ndefu linachoma kila chini ya kilomita 100, fungua na usafishe. Mwaka 2018 Mazda iliyaita magari ya dizeli yarudi kurekebishwa huko Japani, CX-5 zikiwemo, kwa ajili ya masizi yaliyokuwa yakizuia vali za kutolea moshi kufunga sawasawa. Kabla ya kulipa, ingiza namba ya chesi kwenye tovuti ya Mazda ya Japani uone kama gari lako lilirekebishwa.

Kuhusu kuitoboa DPF, njia ambayo wengi hushauriwa: kompyuta lazima iandikwe upya, moshi mweusi utawafuata majirani, na washa zinazovuja pamoja na manifoldi iliyoziba vitabaki palepale. Ni kuvunja king'ora huku moto ukiwaka.

Matunzo

Petroli zote mbili hutumia oili ya 0W-20. CX-5 ya 2.0 huchukua lita 4.2 pamoja na filta. Kwa joto na vumbi letu, badilisha kila kilomita 5,000, usingoje 10,000.

Dizeli huchukua lita 5.1, na lazima iwe oili ya majivu kidogo: DL-1 ya 0W-30 kama Japani, au 5W-30 yenye alama ya C3. Sababu ni hii: masizi huungua, majivu hayaungui. Oili ya kawaida ya malori huacha majivu ndani ya DPF, na hakuna safari ya Mombasa itakayoyaondoa. Filta ya dizeli nayo isisahaulike, hasa kwa anayejaza Marafa au Gongoni kutoka kwenye madebe, maana maji na mchanga vinaua pampu. Na kila unapojaza kituoni, shuka na useme "dizeli" kwa sauti. Wahudumu wengi wakiona gari dogo linalong'aa huchukua bomba la petroli. Likitokea hilo usiwashe hata mara moja, wala usibonyeze kitufe "kuangalia tu". Pampu ya shinikizo hulainishwa na dizeli yenyewe, na petroli huikwangua. Tangi limwagwe gari likiwa limezimwa.

Magari yote matatu yana giaboksi ya gia sita, si CVT (ile ya mkanda isiyo na gia). Mafuta yake ni ATF FZ, na rangi yake ni ya buluu. Fundi akija na chupa ya mafuta mekundu, mrudishe dukani. Kumwaga mara moja kunatoa karibu nusu tu, kwa hiyo rudia baada ya kilomita elfu kadhaa.

Betri ya CX-5 yenye i-stop ni Q-85 kwa petroli na T-110 kwa dizeli. Betri ya kawaida ya bei rahisi itawasha gari, kisha ndani ya miezi michache i-stop itakataa na taa zitaanza kuwaka moja baada ya nyingine. Maji ya rejeta ni FL22, ya kijani, wala usiongezee maji ya kisima. Visima vingi vya karibu na ufuo vina chumvi inayokula alumini.

Chumvi

Magari haya matatu hayatofautiani sana hapa, na hakuna linalopona. Kusi ikivuma, nyumba za Casuarina na Silversand hupata umande wa chumvi usiku kucha. Huanza na boliti za chini, pini za breki, kondensa ya kiyoyozi na sehemu nyaya za ati (earth) zinapofungwa kwenye bodi. Osha chini ya gari kila wiki kwa maji ya bomba, hayo ya Baricho, si ya kisima. Pini za breki zitolewe na kupakwa grisi kila pedi zinapobadilishwa. Kagua pia kutu ya huko lilikotoka: gari la maeneo ya theluji ya Japani limeshapita kwenye chumvi ya barabarani kabla ya kuionja ya bahari.

Kununua na kuuza

Demio hutozwa ushuru mdogo wa bidhaa kwa kuwa injini yake haivuki cc 1500. CX-5 zote mbili zimevuka na ziko daraja moja, kwa hiyo petroli na dizeli hazitofautiani kwa kiwango cha ushuru huo. Kuuza, Demio huondoka upesi na CX-5 ya petroli haikai sana. Ya dizeli hukaa kwa sababu ya jina baya, jambo ambalo ni hasara kwa muuzaji na nafasi ya kupatana kwa mnunuzi anayejua anachokiangalia.

Unaponunua dizeli iliyotumika hapa, fika asubuhi na uombe isiwashwe kabla yako. Gusa injini ikiwa baridi, chomoa kijiti, kisha sikiliza inavyowaka. Fungua kifuniko cha oili utazame weusi wake. Lipia skana isome kiasi cha masizi, umbali kati ya uchomaji mmoja na mwingine, na marekebisho ya kila injekta. Muuzaji anayekataa skana amekujibu.

Nani achukue ipi

Kama kazi yako ni mjini, duka Maweni na nyumba Kisumu Ndogo, na Mombasa ni mara moja kwa mwezi, Demio inakutosha. Kama una watoto watatu au mama mzee anayeumwa magoti, hata kwa safari hizohizo fupi, nenda CX-5 ya petroli, maana kuingia na kutoka kwenye Demio kutawachosha.

Mwenye shamba Marafa au Langobaya anayekwenda mara mbili kwa wiki na kubaki mjini siku nyingine, petroli ya magurudumu manne na rimu ya 17 ni salama zaidi. Barabara ya vumbi ya mwendo wa polepole haichomi masizi vizuri, hata kama inachukua saa nzima.

Anayefanya biashara ya Mombasa, anayepeleka wageni uwanja wa ndege wa Moi, au anayepanda Mokowe kila wiki, dizeli itamlipa, mradi ana fundi mwenye skana na anaijua oili ya kununua. Akikosa kimojawapo, petroli.

Na ambaye tayari ana dizeli na maisha yake yamekuwa ya mjini, asikimbilie kuiuza kwa hasara. Mara moja kwa wiki, injini ikishapata moto, aende Kilifi na kurudi bila kuizima njiani, akishikilia gia ya nne au ya tano ili mzunguko ubaki juu ya 2,000. Akirudi, angoje injini ipoe, achomoe kijiti na kuangalia oili iko wapi.